Kikohozi cha Mwenye Nyumba

Mtoto Mahir alitimiza siku thelathini na moja bila mtu wa mtaani Shella kumwona uso, isipokuwa watatu: mamake, babake na bibi yake. Hivyo ndivyo alivyotaka huyo bibi, Bi Shekha. Kwa miaka ishirini na kitu alikuwa akiitwa nyumba hadi nyumba, Malindi hadi Mambrui, kuwakanda wazazi waliotoka kujifungua na kuwalea katika arobaini zao, na fahari yake ilikuwa moja: mikononi mwake hakujafa mtoto. Sasa ilikuwa zamu ya mjukuu wake wa kwanza, na masharti aliyowawekea wana wa watu alijiwekea mwenyewe mara mbili. Wageni waliishia barazani. Zawadi zilipokewa dirishani. Mwanawe Faiz, fundi wa friji katika mahoteli ya Watamu, akirudi kazini hukoga kwanza na kubadili nguo ndipo apewe mtoto, na hata hapo hupewa kwa dakika.

"Mtoto mchanga ni kama maziwa," alimwambia mkaza mwanawe, Ruqaiya. "Pumzi ya mtu tu humharibu."

Kisha akageukia ukuta akakohoa.

Kikohozi hicho kilikuwa katika wiki yake ya tatu. Kilianza kama mafua ya kawaida, na sasa kilimjia kwa mafungu: kumi, kumi na tano mfululizo bila nafasi ya kuvuta hewa, mpaka machozi yakamtoka, na mara mbili alitapika chai ya asubuhi. Baina ya fungu na fungu alikuwa mzima, hana homa, anapika, anafua, anagombana. Kwa hiyo hakuwa mgonjwa. Lilikuwa vumbi la barabara iliyokuwa ikichimbwa kule mbele, au moshi wa ubani aliokuwa akimfukizia mzazi. Alikunywa tangawizi na asali, akatafuna habasoda, akaendelea na kazi zake.

Siku hiyo alikuja Kahonzi, mhudumu wa afya ya jamii, mwanamke mnene mwenye mkoba wa bluu na daftari lililovimba kwa kushikwashikwa. Bi Shekha alimpokea mlangoni, mkono mmoja juu ya komeo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtoto hajambo, mamake hajambo. Andika."

Kahonzi aliandika. "Akitimiza wiki sita aje kliniki kwa chanjo ya kwanza. Ni siku mbili tu baada ya arobaini, hatutagombana."

"Hatutagombana kwa sababu hatutazungumza. Siku zikifika nitajua mwenyewe."

Kikohozi kikamshika hapo hapo. Alijishika kwenye fremu ya mlango akakohoa mpaka uso ukamwiva, na mwisho akavuta hewa kwa sauti nyembamba kama bomba lililokauka. Kahonzi alisubiri.

"Hiki kina muda gani, bibi?"

"Hiki ni changu. Hakina kitabu cha kliniki."

"Ungefika hospitali wakakitazama. Na kabla ya hapo usimbebe mtoto karibu na uso."

Bi Shekha alimtazama juu mpaka chini. Mwanamke huyu aliingia nyumba ishirini kwa siku, akishika watoto wa kila namna, na sasa alikuwa akimfundisha yeye usafi wa arobaini. Alifunga mlango taratibu, kwa adabu, kisha akarudi chumbani, akamwinua Mahir, akamsomea dua na kumpulizia usoni kama alivyofanya kila alasiri aliyokuwa nyumbani.

*

Nyuma ya nyumba kulikuwa na vyumba viwili vya kupangisha, na mpangaji wake alikuwa Mwikali, mwanamke wa Kitui aliyefua mashuka ya hoteli moja ya ufuoni. Alikuwa na binti wa miaka minne, Linet. Mwikali alilijua sharti la nyumba na hakuwahi kuomba kumwona mtoto. Linet hakulijua. Asubuhi moja alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapitisha pua katika nondo za dirisha la mzazi, akamwona mtoto amelala, akafurahi, akapiga chafya.

Siku tatu baadaye Mahir alianza kukohoa.

Hakikuwa kikohozi cha kutisha. Kilikuwa kama mtu anayegongagonga mlango kwa kidole. Lakini kila kilipomjia aliiva uso, akanyosha miguu, na baada yake hakutaka kunyonya. Ruqaiya alisema waende hospitali. Bi Shekha alisema arobaini bado siku tano, na mtoto hatolewi njiani kwa chafya ya mpangaji. Alimpaka mafuta ya zeituni kifuani. Kisha akatoka uani, akamkuta Mwikali akianika, akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima ungeisikia:

"Mwanao ameniletea maradhi ndani. Mwisho wa mwezi uwe umetoka."

Mwikali alikuwa na kibanio cha nguo mdomoni. Alikitoa. "Linet ana mafua tu, mama. Hata kikohozi hana."

"Nimesema."

"Nimesikia."

Kufika jioni, habari ilikuwa imeshapita kwa muuza mahamri, kwa mshonaji na kwa mwalimu wa chekechea: yule mtoto wa kibara wa uani kwa Bi Shekha ana maradhi ya kifua. Bi Shekha hakuwatuma kusema. Yeye alisema mara moja tu, na kwa mtu mmoja.

*

Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, Ruqaiya aliita kutoka chumbani. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, mtoto hapumui," kama mtu anayetaja kitu kilichopotea.

Bi Shekha aliingia mbio. Mahir alikuwa mapajani mwa mamake, amelegea, midomo imekuwa rangi ya zambarau. Mikono iliyokanda wazazi miaka ishirini ilijua mengi, lakini hili haikulijua. Ilichukua chupa ya mafuta. Alisimama na chupa ile, kizibo hakifunguki, na hapo Mwikali akapita pembeni yake kama upepo, hakubisha hodi, hakuvua hata viatu. Alimtwaa mtoto, akamlaza ubavu, akamsugua mgongo kwa nguvu, akampigapiga nyayo. Mahir alishtuka, akavuta hewa, rangi ikamrudia polepole kuanzia masikioni.

"Nani aliyekuruhusu kuingia?" Bi Shekha aliuliza. Lilikuwa ndilo neno pekee lililomjia.

"Huyu si wa mafuta," Mwikali alisema. "Mdogo wangu kule nyumbani alikuwa hivi hivi. Hakulia. Alinyamaza tu, na sisi tukadhani amelala. Ruqaiya, vaa buibui. Mimi naita tuktuk."

Ndivyo mjukuu wa Bi Shekha alivyovunja arobaini akiwa na siku nne za kubakia, mapajani mwa mamake, na mpangaji aliyefukuzwa akimpigapiga nyayo kila alipokaa kimya.

*

Daktari wa zamu aliitwa Joram, kijana mwenye macho yenye usingizi. Alimtazama Mahir, akaagiza oksijeni, mtoto akaingizwa ndani. Kisha akatoka hadi kwenye benchi walipokaa wanawake watatu.

"Nyumbani kuna mtu anayekohoa?"

"Yupo," Bi Shekha alijibu upesi. "Mpangaji wangu huyu, mwanawe..."

"Linet ana mafua ya juzi," Mwikali alisema. "Chanjo zote amepata. Kitabu ninacho nyumbani."

"Siulizi mafua. Nauliza kikohozi cha wiki mbili au zaidi. Kinachokuja kwa mafungu, mtu anakohoa hata anatapika."

Ruqaiya alikuwa ameishi na mama mkwe wake mwaka mzima na miezi, na katika muda huo hakumpinga hata chumvi ya mchuzi. Alitazama sakafu.

"Mama anakohoa," alisema.

"Ni vumbi," Bi Shekha alisema, na neno lenyewe likamkwaruza koo. Kilimjia fungu refu kuliko yote, mbele ya benchi zima la wagonjwa. Alikohoa mpaka miwani ikamwanguka, akavuta hewa kwa ile sauti ya bomba, akakohoa tena, akatapika. Aliyemwekea beseni mbele yake alikuwa Mwikali. Joram alisubiri mpaka kikaisha, akamwokotea miwani.

"Bibi, hilo vumbi lina jina. Linaitwa kifaduro."

"Kifaduro ni cha watoto. Nilikiugua nikiwa mdogo."

"Kinga yake huisha. Kwa mtu mzima ni kikohozi cha kero, anapika na anafua. Kwa mtoto wa mwezi mmoja wakati mwingine si kikohozi hata. Anasahau kupumua." Aliandika kitu. "Mtapimwa, lakini dawa hatungoji majibu. Watu wote wa nyumba ile watakunywa, na wapangaji pia. Haitaondoa kikohozi upesi, bibi, hicho utakaa nacho wiki nyingi. Itaua kijidudu usimpe mwingine. Na mpaka siku tano za dawa ziishe, wodini huingii."

"Mimi ndiye ninayemlea."

"Najua," Joram alisema, bila ubaya wowote. Na hilo ndilo lililomwuma.

*

Kesho yake Kahonzi alibisha hodi, amevaa barakoa, na mara hii Bi Shekha alimtolea kiti barazani. Kahonzi alifungua daftari.

"Tangu kikohozi kianze, umeingia nyumba zipi zenye mtoto mchanga au mwenye mimba?"

"Moja hapa Shella, nyuma ya msikiti. Nyingine Matsangoni, kwa mke wa mpwa wangu."

"Basi?"

"Basi."

Kahonzi hakuandika kwanza. Alizungusha kalamu. "Kama ipo nyingine, mtoto wake ndiye atakayetuambia."

Ilikuwapo nyingine. Ilikuwa Mambrui, nyumbani kwa Mzee Stambuli, ambaye binti yake Afiya alikuwa amejifungua baada ya miaka tisa ya kungoja. Wiki ya pili ya kikohozi chake Bi Shekha alimwacha Mahir na mamake, akalala kule siku saba. Karamu ya kutoka arobaini ilikuwa Ijumaa, na tayari alikwishashonewa gauni la kukalia mkeka wa mbele, pamoja na mabibi wa nyumba zile ambazo kwa miaka ishirini zilimpitisha mlango wa uani. Alijiambia kwamba mtoto wa Afiya alikuwa mnene na mwenye nguvu. Alijiambia kwamba habari mbaya hazipelekwi kwenye nyumba ya furaha kwa kudhani tu.

Siku ya tatu ya dawa alikwenda hospitali akasimama nje, kwenye dirisha la wodi, kama walivyokuwa wakisimama wageni kwenye dirisha lake. Mahir alilala na mpira wa oksijeni puani na mwingine wa maziwa. Kando yake aliketi muuguzi aitwaye Phoebe, msichana mwembamba, akiandika kwenye faili. Kila mara muuguzi yule alinyamaza kuandika, akatazama kifua cha mtoto, na kilipokuwa hakitikisiki alinyosha kidole akampiga kidogo unyayoni. Kifua kikatikisika. Akaendelea kuandika.

Bi Shekha alihesabu. Kwa muda aliosimama pale, kidole kile kilinyoshwa mara nne. Alijaribu kumfikiria mtoto wa Afiya, na nani angekuwa na kidole cha kumkumbusha, nyumba nzima ikiwa inapika biriani.

Alitoa simu kwenye mkoba. "Kahonzi," alisema. "Kuna ya tatu."

*

Walikwenda Mambrui siku ile ile. Mamake Afiya aliwafungulia kwa bashasha, akataka kumkumbatia, na Bi Shekha akarudi nyuma hatua mbili.

"Ingia, Bi Shekha. Vipi leo unakaa barazani kama mgeni?"

"Leo sharti nikae hapa." Barakoa ilimfanya asikike kama anayezungumza ndani ya chungu. "Nina kifaduro. Nilikuwa nacho nilipokuwa kwenu. Nilimsomea mtoto na kumpulizia usoni siku saba, na huku nakohoa. Dua haina kosa. Pumzi ndiyo iliyokuwa mbaya."

Mamake Afiya alishusha mikono yake. Hakulia wala hakutukana. Alimgeukia Kahonzi. "Anakohoa tangu jana usiku," alisema. "Kidogo tu. Tulisema ni upepo. Tufanye nini?"

Tangu hapo hakuna aliyezungumza na Bi Shekha. Kahonzi alieleza dawa, hospitali, dalili za hatari: midomo ikibadilika rangi, mtoto akikatika pumzi, akikataa ziwa. Afiya alipita barazani na mtoto kifuani akielekea kwenye gari bila kugeuza shingo. Mtoto huyo hakufikia kuwa zambarau. Aliwahiwa, alilazwa siku tano, akatoka. Karamu ya Ijumaa iliahirishwa, na ilipofanywa mwishowe, ujumbe ulikuja kwa simu, wa heshima kabisa: Bi Shekha asijisumbue, apumzike, afya yake kwanza. Gauni lilibaki kabatini na pini zake za fundi.

Wa Shella, nyuma ya msikiti, alikuwa mzima na alipewa dawa ya kinga. Wa Matsangoni pia. Kote huko alikwenda mwenyewe, kote alisimama nje, kote walimwamini mara moja. Alishangaa jinsi watu walivyo wepesi kuamini.

*

Mahir alirudi nyumbani siku ya kumi na tatu, mdogo kuliko alivyoondoka, akikohoa bado lakini akipumua bila kukumbushwa. Alichomwa chanjo yake ya kwanza alipopata nguvu, kwa siku aliyoisema daktari, na Bi Shekha alikaa foleni tangu saa moja asubuhi ili asipitwe na namba.

Aliporudi kutoka kliniki alikuta mkokoteni mbele ya nyumba. Juu yake kulikuwa na godoro, jiko, masufuria mawili na mabeseni. Mwikali alikuwa akifunga kamba.

"Nini hiki?" Bi Shekha aliuliza. "Mambo yale si yamekwisha? Mimi nilisema kwa hasira. Kaa. Mwezi huu hata kodi usinipe."

"Ahsante, mama. Nimepata chumba Matsangoni." Mwikali alivuta kamba kwa goti. "Maneno yako ningeyangoja uyasahau. Si wewe unayenihamisha. Chekechea wamemrudisha Linet mara tatu. Watoto hapa njiani wanamwita Kifaduro. Jana ameniuliza kama mtoto wako alikuwa afe kwa sababu ya chafya yake."

"Lakini si nimesema? Nimesema Mambrui, nimesema Matsangoni..."

"Hapa hujasema."

Ilikuwa kweli. Bi Shekha alikuwa amekwenda kilomita arobaini kuungama, na hatua kumi kutoka mlangoni pake neno lake la kwanza lilikuwa bado linatembea, zima, lina afya.

Alimkabidhi Ruqaiya mkoba wa kliniki, akavuka njia hadi kwa muuza mahamri, walipokaa wanawake wanne na chai zao.

"Ni mimi niliyemwambukiza Mahir," alisema. "Si mtoto wa Mwikali. Ni mimi, kwa kikohozi changu."

Walimtazama kwa upendo. Mmoja alimsogezea kigoda. "Bi Shekha na moyo wako," alisema muuza mahamri. "Mtu keshahama, bado unamsitiri."

"Simsitiri. Nimepimwa." Alitoa cheti cha hospitali, akakikunjua juu ya meza ya unga. "Jina langu hili. Majibu haya."

Mshonaji alikisoma, midomo ikitembea. Akafika chini kwenye saini. "Joram," alisema, akawatazama wenzake. "Na daktari mwenyewe wa bara. Watasaidiana, lazima." Akamrudishia cheti kwa huruma na kumpa hamri la moto juu ya kipande cha gazeti.

Bi Shekha alisimama na hamri lile mkononi. Kwa miaka ishirini alijenga jina ambalo hakuna neno baya lingeweza kulishika, na sasa alikuwa na neno moja baya, la kweli, na halikushika.

Alilirudisha hamri mezani. Alivuka tena njia, akaenda kwenye mkokoteni, akamnyoshea Linet mkono.

"Mama, mwenye mkokoteni ananingoja," Mwikali alisema.

"Tangulieni. Mtoto nitakuletea kituo cha matatu mwenyewe. Nipe saa moja."

Mwikali alimtazama bintiye, kisha akatikisa kichwa kukubali. Bi Shekha akamshika Linet mkono, wazi, katikati ya njia, mbele ya wale wa chai. Kutoka pale mpaka kona kulikuwa na milango kumi na tisa. Alipiga hodi mlango wa kwanza.

"Bibi, tunaomba nini?" Linet aliuliza.

"Hatuombi kitu."

Mlango ulifunguliwa. Mwanamke aliyesimama pale alitabasamu alipomwona Bi Shekha, kisha akateremsha macho, akamwona aliyeshikwa mkono, na bila kufikiri akamvuta mwanawe nyuma ya leso yake. Bi Shekha alimwamkia, akamwuliza hali ya nyumbani, akaanza kumweleza, tangu siku ya kwanza aliyokohoa.